Usizime Gari Mpaka Biharamulo

Wana jumuiya wenzangu, mmenifuata kisimani, mmenifuata gulioni, na Jumapili mkanizingira nje ya kanisa kabla hata sijafunga kamba za viatu. Kila mmoja na swali lake. Jicho la mzee limekuwaje? Gari lilikuwa na nini? Ni kweli ulimfokea mkwe kwenye nyumba ya msiba? Nimesimulia vipandevipande mpaka nimechoka, na kila kipande kinanirudia kimetiwa chumvi. Juzi nimesikia eti tulilala porini. Hatukulala porini. Sasa nimekaa chini naandika yote, msomeane wenyewe, mniache nipalilie maharage yangu.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kusubiri. Maji yakichelewa kuchemka nainua sufuria kuangalia kama moto upo. Baba yangu ni mtu wa namna nyingine kabisa: mtu wa taratibu, wa salamu ndefu, asiyepita mbele ya nyumba ya mtu anayemjua bila kupiga hodi. Tangu mama alipofariki nikarudi nyumbani Bugarama kukaa naye, ndivyo tunavyoishi. Mimi natangulia naita, yeye anafuata anaitika.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yeye alikuwa akisema tu, "Naona, naona," nami nikamwamini, maana kila aliyemsalimu alimjibu kwa jina. Sikujua kwamba anawatambua kwa sauti. Mpaka siku moja akajimiminia chai kando ya kikombe, ikatiririka mezani, naye anaendelea kumimina huku anazungumza na mimi. Niliingia jikoni nikalia.

Halafu zikaja habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitalini Biharamulo, wanapasua kwa siku chache kisha wanaondoka. Nilipopiga simu, muuguzi akaniambia, "Dada, kesho ndiyo siku ya mwisho. Mlete kabla ya mchana. Tukishafunga chumba tumefunga, na wakiondoka hatujui watarudi lini." Na daktari wa huku kwetu alikuwa ameshaniambia kwamba jicho la kulia likizidi kungoja litaharibika moja kwa moja, hata lije kupasuliwa na nani. Kwa hiyo tulikuwa na kesho tu.

Bugarama: mlivyotusukuma

Lile gari letu la pikapu mnalijua, na betri yake mnaijua zaidi. Kila jioni betri hufunguliwa ikaingizwa sebuleni kama watu wanavyoingiza kuku. Umeme wetu ni wa kubahatisha, basi jirani akija kuchaji simu kwenye betri hiyo, Baba hawezi kumwambia hapana. Nusu yenu simu zenu zimelala kwetu. Asubuhi Baba huibeba betri kuirudisha kwenye gari, anapapasa nati kwa vidole, anafunga waya, anapiga boneti kofi. Ndiyo kazi aliyobaki nayo kwenye gari lile na hataki mtu amsaidie.

Asubuhi ile alishaifunga kabla sijaamka. Alivaa koti lake la kanisani na kofia. Nikaingia, nikageuza ufunguo.

Tik.

Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, lakini kila nikitaka kuwasha zinafifia, halafu tik. Nikageuza tena na tena. Nikasikia harufu kama ya dawa ya meno, nikajisemea kwamba leo Baba kapiga mswaki wa nguvu kwa ajili ya daktari.

"Lipe nafasi lipumue," Baba akasema.

"Lipumue nini, Baba? Lina mapafu?"

Kilichofuata mnakijua kwa sababu ndio ninyi mliosukuma. Leokadia alisukuma na mtoto mgongoni, namshukuru. Pale mteremko unapoanza nikaingiza gia ya pili nikaachia klachi, gari likakohoa, likashika. Sikusimama hata kuwaaga, mkaanza kunilaumu kwamba nimeondoka kama mwizi. Ningesimama lingezima!

Nyakahura: betri ya pili

Barabara ya vumbi tulikwenda vizuri. Baba aliuliza tumefika wapi kila tulipopita kilima, akataja majina ya watu wa kila kijiji na mashamba yao ya migomba, na mimi naitikia tu, masikio yangu yako kwenye injini. Nilikuwa nimeshajiwekea sheria: gari halizimwi mpaka Biharamulo. Anayetaka kujisaidia ajisaidie gari likinguruma.

Tukaingia kwenye lami, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamejipanga, yanapanda polepole. Karibu na Nyakahura lori la mbele yangu likasimama ghafla. Nikakanyaga breki, nikasahau klachi. Gari likazima.

Nilijitukana mimi mwenyewe, jamani, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Palikuwa tambarare na hakuna wa kusukuma. Nikamtuma mwendesha bodaboda aniletee fundi. Kumngoja yule fundi nilizunguka gari mpaka nikachora njia kwenye vumbi. Baba yeye alishuka na fimbo yake, akafuata sauti ya mama aliyekuwa anachoma mahindi, akamsalimu, wakaulizana koo, na kabla sijazunguka mara nyingi walikuwa wamegundua kwamba shangazi ya yule mama aliolewa Bugarama. Akapewa hindi la bure. Akaniita, "Editha, njoo umsalimie ndugu yako." Nikamsalimia ndugu yangu. Nikala hindi nimesimama, sikusikia hata ladha.

Fundi akaja, kijana mpole, mwenye betri nyingine ameifunga nyuma ya pikipiki. Hakuchukua muda.

"Gari rako harina shida, mama," akasema. "Beteri ndiyo imechoka. Imezeeka."

"Una uhakika?"

"Sikiriza mwenyewe. Tik, tik. Hiyo ni beteri."

Akafungua nati. Nikamwona akitoa kipande kidogo kinachong'aa kilichokuwa kimebanwa kwenye terminali, yaani kile kishikio cha waya kinachokumbatia kichwa cha betri. Akakitazama, akaona kishikio kimelegea, akaweka betri yake mpya na kukibana kile kipande palepale kilipokuwa, kwa uangalifu kabisa. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo natazama, nikaona ni fundi makini. Nikawasha. Likashika mara moja! Nikamwachia betri yetu ya zamani, nikamvuta Baba kutoka kwa ndugu zake wapya, tukaondoka.

Nikaimba, kwa kweli. Niliimba wimbo wa kwaya mpaka Baba akaniuliza kama nimelewa.

Lusahunga: mtu wa kebo

Furaha yangu iliisha Lusahunga, kwenye kituo cha mafuta. Tangi lilikuwa linakaribia kukauka, na yule binti wa pampu akakataa kuinua mkono mpaka nizime gari.

"Dada, nimebadilisha betri sasa hivi, lakini sina imani nayo. Niwekee tu kidogo."

"Mama, hatuweki mafuta gari likiwaka. Unataka tuungue wote?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikazima. Akaweka mafuta. Nikageuza ufunguo huku nimefumba macho.

Tik.

Nikaegemeza kichwa kwenye usukani, na honi ikalia, watu wote wakageuka. Jua lilikuwa limeshapanda. Kichwani nilimwona yule muuguzi wa simu akifunga mlango, naona hata kufuli lenyewe. Tulisogezwa pembeni na watu wa kituo, na Baba akapewa kiti nje ya mgahawa, akaagiza chai na mihogo ya kuchemsha kwa wawili. Nikamwambia sitaki chai. Akasema chai haijawahi kuchelewesha mtu. Nilitaka kupiga kelele.

Mtu aliyetusaidia alikuwa dereva wa lori, Mrundi wa makamo, aliyekuwa anakunywa chai meza ya jirani. Alimsikia Baba anazungumza Kihangaza chetu, akamwitikia kwa Kirundi, wakaelewana kama watu wa nyumba moja. Akainuka, akaleta kebo zake nene, akasogeza lori. Akabana upande mmoja kwenye betri ya lori, upande mwingine juu ya vile vishikio vya waya vya gari letu.

"Washa."

Likashika kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Yule bwana hakufurahi kama mimi. Alikunja uso, akainamia injini.

"Dada, subiri kidogo," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Betri hii ni mpya. Stata inazunguka vizuri sana. Sasa kwa nini imeomba msaada? Umeme upo, ila unakwama mahali njiani. Zima, nikuoneshe..."

Zima! Aliposema zima mimi nilikuwa nimeshashuka, nimeng'oa kebo zake na kufunga boneti. "Asante kaka, Mungu akubariki," nikamvuta Baba na kikombe chake mkononi, ikabidi turudishe kikombe dirishani, tukaondoka. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama na kebo zake, mdomo wazi.

Baba akapangusa chai iliyomwagikia koti lake la kanisani.

"Mtu anakusaidia," akasema mwishowe, "anakueleza ugonjwa wa gari lako, unamwacha anaongea na vumbi."

"Baba, tunachelewa."

"Najua tunachelewa," akasema. Halafu, kama mtu aliyekuwa analitafutia neno lile mlango tangu Bugarama, akaongeza, "Tutapita Nemba."

Nemba: nyumba ya mkwe

Sikuamini masikio yangu. Nemba yuko Mzee Filbert, baba wa mke wa kaka yangu. Mke wa mzee huyo alifariki wakati wa masika, na Baba hakwenda kuzika kwa sababu ya macho. Hilo lilimkaa rohoni. Nikamwambia tutapita tukirudi, ukiwa unaona, utamwona hata mkwe wako uso kwa uso. Akasema hapana. Mtu hapiti nyumba ya msiba akiwahi mambo yake, halafu akarudi kutoa pole na jicho jipya. Nikasema hospitali itafungwa. Akasema basi ifungwe.

Tulibishana mpaka njia panda, na mnajua nani anashinda. Nikachepuka huku machozi yananitoka kwa hasira. Nilimwambia: "Dakika chache tu, na gari halizimwi. Umesikia, Baba? Halizimwi!"

Mzee Filbert alitoka mlangoni aliposikia mngurumo. Ni mtu mrefu, mkavu, wazazi wake walitoka Burundi zamani wakalima hapo hapo. Uwanja wake uko bondeni, migomba pande zote, na mahali pa kusukumia gari hapana. Nikashuka nikampigia goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Karibuni." Akatazama gari. "Mbona halinyamazi? Mnakimbizwa?"

"Lina shida ya kuwaka, baba, tukilizima..."

Nikasikia ukimya. Niligeuka. Baba, mtu asiyeona kikombe, alikuwa ameupapasa usukani mpaka akaufikia ufunguo, akalizima.

"Siwezi kumpa mtu pole gari likinguruma," akasema, akafungua mlango na kutafuta ardhi kwa fimbo.

Nini kingine? Tuliingia ndani. Walishikana mikono, wakalia kidogo kama wazee wanavyolia, bila sauti. Zikaja ndizi zilizopikwa na maharage, ikaja urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu na mirija. Kukataa ni matusi. Nikameza matonge mawili. Nikaomba radhi, nikatoka, nikajaribu gari. Tik. Nikarudi, nikakaa. Nikatoka tena. Tik. Nilikuwa sikai sisimami.

Niliporudi mara ile ya pili nilisimama nje ya mlango, kwa sababu nilimsikia Baba akizungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Mkwe, naogopa. Watanitia kisu jichoni. Sasa hivi mwanga bado nauona. Nikifumba pale, nisifumbue tena?"

Hapo ndipo nilipoelewa mahindi ya Nyakahura na chai ya Lusahunga. Mzee wa watu alikuwa anachelewesha. Hasira zote zikaniishia, nikabaki na huruma tu, na huruma haina pa kuiweka ukiwa na haraka.

Nilisikia Mzee Filbert akiweka kibuyu chini. Kisha akasema, "Marehemu naye alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya hospitali. Naogopa, tusubiri kidogo. Nikamsikiliza. Tukasubiri." Nikasikia kiti kinasogezwa. "Mimi sikusikilizi, mkwe. Inuka. Gari lenu lina nini?"

Wakatoka wote wawili. Nikafungua boneti, nikaeleza mambo ya betri mpya na kebo, maneno yananitoka kwa kasi. Mzee Filbert hakujua gari, alisema wazi kwamba yeye anajua jembe. Akaniambia nijaribu mara moja tu aone. Nikageuza. Tik. Akainama, akanusa.

"Binti, mbona gari lenu linanuka dawa ya meno?"

Na hapo ndipo nilipofoka. Ni kweli, siwezi kukataa. "Baba mkwe! Nakuambia gari haliwaki, mzee anapofuka, hospitali inafungwa, wewe unaniambia habari za kupiga mswaki!"

Nilisikia wanawake jikoni wamenyamaza. Kwenye nyumba ya msiba! Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyesema ni Baba, kwa sauti ndogo.

"Editha. Kile kibati."

"Kibati gani?"

"Kwenye betri. Kile kishikio kimelegea kwa kufunguliwa kila jioni. Jana nikakata kipande cha bati la dawa ya meno, nikakibania."

Nikamtazama. Nikautazama mkono wake unaoonesha hewani. "Baba, dawa za meno siku hizi si za bati. Ni plastiki!"

"Inakunjika, ikikunjwa inabaki imekunjwa. Na si inang'aa?"

"Inang'aa katikati. Juu na chini ni plastiki tupu!"

Jamani, nilicheka. Nilicheka huku nalia. Zamani zilikuwa za bati kweli, na yeye anakumbuka zile. Plastiki haipitishi umeme, basi umeme wetu ulikuwa unapita kwa kuchungulia, pembeni kidogo tu kishikio kinapogusa kichwa cha betri. Taa zinatosheka na huo, lakini stata inataka umeme mwingi kwa mara moja. Yule fundi wa Nyakahura alikibana upya bila kujua, kikagusa vizuri mara moja, kikarudi pale pale. Na yule dereva wa lori alibana kebo zake juu ya vishikio, umeme ukaruka kikwazo. Alitaka kunionesha hasa jambo hilo, mimi nikamwacha anaongea na vumbi.

Niligusa terminali, ikaniunguza kidole. Kwa hiyo ndiyo iliyokuwa inachemka kila nilipogeuza ufunguo, na plastiki inayeyuka na kunukia. Nikalegeza nati, nikakitoa kile kipande kimejikunja cheusi. Mzee Filbert akaniletea kisu, nikakwangua kichwa cha betri mpaka kikang'aa, nikakwangua na ndani ya kishikio. Lakini bado kilikuwa kinacheza, kinataka kitu cha kukibana, safari hii cha chuma. Nikauliza kama kuna msumari.

Alitazama huku na huku. Akaingia ndani. Nikasikia anang'oa kitu ukutani, akarudi na msumari mfupi.

"Marehemu alikuwa anatundika kapu lake la shambani," akasema. "Nitaliweka kabatini. Chukua."

Nikaupigilia kwa jiwe katikati ya kishikio na kichwa cha betri, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Nikaingia. Nikageuza.

Liliwaka kama gari la dukani. Kuku walikimbia.

Nikashuka nikampigia goti Mzee Filbert mara ya pili, nikamwomba radhi kwa kufoka. Akaniinua. Akamshika Baba mkono, akampeleka mpaka kwenye kiti, akamfungia mlango mwenyewe. Baba hakubisha tena.

Biharamulo: chumba kinafungwa

Nemba mpaka mjini nilikwenda kasi ambayo Baba hakuiona, na ni heri. Tukapita soko, tukapita chini ya boma la Wajerumani, nikaingia lango la hospitali mkono kwenye honi. Niliruka nje nimemshika Baba, na mlinzi anapiga kelele nyuma yangu, "Mama! Zima gari, hapa ni hospitali!"

"Halizimwi!" nikamjibu, kabla ya kukumbuka kwamba sasa linazimwa. Nikarudi mbio nikazima. Aliniona chizi.

Muuguzi wa simu alikuwa anakusanya viatu vya plastiki nje ya chumba cha upasuaji. Nilimwambia Bugarama, macho, jana tulizungumza, gari, msiba, dawa ya meno, yote kwa pumzi moja. Akamtazama Baba juu mpaka chini, koti la kanisani limejaa vumbi. Akaingia ndani. Sijui alimwambia daktari nini. Alitoka akasema, "Huyu tu, halafu basi. Jicho la kulia."

Baba alinipa kofia yake na fimbo. Nilitaka kumwambia neno zuri, nikamwambia, "Usiwasalimie sana, Baba, wana kazi." Akacheka, akaingia.

Kukaa sikuweza. Nilikwenda kwenye gari nikaliwasha kuona kama linawaka, likawaka. Nikalizima. Baadaye nikarudi nikaliwasha tena. Mlinzi akaniuliza, "Sasa mama, unaondoka au huondoki?" Mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa anamsubiri mumewe akanivuta kwenye benchi, akanitilia senene, wale panzi wa kukaanga, kiganjani, akasema tafuna, utulie. Nikatafuna, sikutulia. Nilikuwa nawaza, kama kitaharibika kitu mle ndani, ni mimi niliyemsukumia, wakati yeye alisema anaogopa.

Walimtoa amefungwa kitambaa jicho la kulia. Usiku ule aliniuliza tu kama gari limefungwa milango.

Asubuhi: kitambaa

Waliwapanga kwenye mabenchi, wazee wote na vitambaa vyao, kimya kama watoto wanaongoja komunyo. Muuguzi wa kiume alianza mwanzo wa benchi. Nyuma yake alifuata binti mwanafunzi wa uuguzi aliyeshika trei, msichana mbichi, mashavu yamejaa, nywele zake nyeusi amezisuka vizuri. Mzee wa kwanza alipofunguliwa alipiga vigelegele kama mwanamke. Watu wakacheka.

Wakafika kwa Baba. Mimi nilisimama upande huu, yule binti upande ule. Kilemba changu nilikuwa nimekikunja kuwa mto wa Baba, nilikuwa kichwa wazi. Niliziba mdomo kwa kanga, maana nilijua nikisema neno nitalia.

Kitambaa kikatoka. Baba akapepesa. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, viganja, kisha migongo ya mikono. Akainua uso akatutazama sisi wawili, mmoja mmoja, bila haraka, na uso wake wote ukafunguka. Akanyoosha mkono kwa yule binti wa trei.

"Editha, mwanangu," akasema. "Pole na safari."

Yule binti akaganda. Akanitazama. Na Baba, kwa adabu zake zote, akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama, asante sana kwa kutuhudumia. Mungu akubariki."

"Baba," nikasema. "Editha ni mimi."

Sauti aliijua. Niliona inavyomwingia. Alinitazama nywele, mvi zilizojaa hapa mbele. Akanitazama paji la uso, akashuka mashavuni, akashuka mpaka mikononi, hii mikono ya jembe. Miaka yote hii tumekula sahani moja. Namtengea, namfulia, natangulia namwita aharakishe, kumbe yeye alikuwa anaishi na msichana yule yule wa siku macho yake yalipokuwa mazima. Hakuna aliyemwambia kwamba huyo msichana ameshaondoka. Iliniuma, jamani. Iliniuma zaidi kuona inavyomuuma yeye.

Muuguzi akasema tusogee, kuna wengine wanangoja. Nikashika mkono wa Baba nimwinue. Hakuinuka.

"Ngoja," akasema. "Usiondoke haraka. Simama hapo nikutazame."

Nikasimama mpaka aliposema inatosha.